Nimemaliza chuo mapema nipo nyumbani Tanga, nataka nifurahie maisha kabla sijaanza kazi, mnanishauri vipi?

Mtoto wa Ngamiani

Habari za muda huu wakuu, na wale wakubwa zangu humu shikamooni.

Mada yangu ndefu kidogo naomba mnivumilie. Mimi ni kijana wa kiume nina miaka 21, nimezaliwa na kukulia Ngamiani hapa Tanga mjini. Tulipomaliza form six wenzangu walitawanyika, wengine Dodoma, wengine Mbeya, mmoja yuko Muhimbili anasoma udaktari, mimi hali ya nyumbani haikuruhusu mambo ya hosteli na kupanga chumba nikajiunga na Chuo Kikuu Huria kupitia kituo chao cha hapa hapa mkoani, nikachukua uhasibu. Mchana nakaa dukani kwa mjomba wangu anauza spea za baiskeli, usiku nasoma. Sasa waliosoma Huria wanajua, pale kila mtu na mwendo wake, wengi nilioanza nao ni watu wazima, walimu, wauguzi, askari, wana kazi na familia, mtu anachukua masomo machache mwaka huu mengine mwakani, ndo maana kuna watu niliwakuta na nimewaacha. Mimi sina mke wala mtoto nikawa najaza masomo kadiri chuo kinavyoruhusu, na ile mitihani ya kuomba mwenyewe ukijiona uko tayari nikawa naiomba. Nimemaliza kwa muda mfupi kabisa unaowezekana, matokeo yametoka sina sapu hata moja, nasubiri mahafali tu.

Tangu nianze la kwanza hii ndo mara ya kwanza naamka asubuhi sina mtihani mbele yangu na sina zamu ya duka. Mjomba ameshapata kijana mwingine, mimi akanipa mkono wa hongera, hela siyo nyingi ila nikichanganya na akiba yangu naweza kwenda nayo miezi kadhaa kwa sababu nalala nyumbani na kula nyumbani. Natamani niishi kidogo jamani. Nataka nijue kuogelea kiukweli siyo kuishia maji ya kiunoni, nataka niuone mkoa wangu, wazungu wanapanda ndege kuja kuona kisiwa cha Maziwe na mapango ya Amboni na mimi wa hapa hapa sijawahi kukanyaga, nataka nikae na bibi yangu ambaye miaka yote ya chuo nilikuwa namsalimia mlangoni nakimbilia dukani.

Tatizo ni watu. Nikitoka asubuhi na taulo begani kwenda kuogelea ufukweni Raskazone, nikipita pale kwenye kahawa wazee wananiuliza vipi, kazi umepata? Nikisema bado napumzika kidogo naona nyuso zinabadilika. Mama hasemi kitu ila nikirudi jioni anauliza "umetoka wapi mwanangu" basi nakosa jibu la kumpa, naishia kusema nilikuwa kwenye mambo ya vyeti. Hiyo ndo inaniuma zaidi, sijamkosea mtu yoyote na bado furaha yangu naila kwa kujificha. Na wale rafiki zangu kila nikiwapigia wana testi au wako fildi, hakuna wa kutoka naye.

Naombeni mawazo, ni uvivu kweli mtu akimaliza chuo apumzike miezi kadhaa? Na kwa mfuko wa kijana wa Ngamiani Tanga hii mtu anaifaidi vipi? Natanguliza shukrani.

Mgosi wa Mombo

Mgosi kwanza hongera sana sana, na nasema hivi kwa kumaanisha maana naona wenzangu watapita moja kwa moja kwenye ushauri bila kukupongeza. Kumaliza Huria ukiwa na miaka 21 watu hawajui uzito wake. Chuo cha bweni kuna rafiki wa kukuamsha, kuna kengele, kuna mhadhiri anakutazama usoni. Huria ni wewe na taa yako na mbu, ukilala umelala, hakuna anayekufuata. Mtu aliyeweza kujisukuma mwenyewe usiku baada ya kushinda dukani halafu mtu wa kwenye kahawa anamwita mvivu kwa sababu ya taulo begani? Hapana bwana.

Sasa sikiliza, nikwambie kitu ambacho ukiwa nje ya kazi hukioni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na ni siku 28 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo humo humo. Hizo ndizo zako mwaka mzima. Mwaka wa kwanza utazitumia kwenye harusi ya dada, mwaka wa pili msiba, mwaka wa tatu unajenga choo nyumbani kwa wazazi. Mimi nipo kazini Dodoma, nyumbani Mombo natamani hata wiki tu ya kukaa bila kuulizwa ripoti iko wapi, na bosi wangu ni mtu mzuri kabisa, siyo swala la ubaya wa kazi, kazi ndivyo ilivyo. Ile miezi uliyookoa kwa kusoma haraka ni ya kwako, umeilipia kwa usingizi wako, hakuna mtu alikupa. Wale ulioanza nao bado wana masomo, hata ukikaa kidogo bado uko mbele yao.

Alafu umesema habari ya hela, inaonekana mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi hukuchukua. Basi uko mwepesi kuliko wengi, wenzako wakianza mshahara wanakatwa asilimia 15 kila mwezi kabla hawajaigusa. Wewe hudaiwi na bodi, hudaiwi kodi ya nyumba, huna mtoto anayesubiri ada. Hali hiyo kwenye maisha ya mtu haiji mara nyingi. Ifaidi.

Bi Chumbageni

Marahaba mwanangu na hongera, mwenyezi Mungu akujaalie.

Mimi nitaongea kuhusu mama yako maana hao wa kwenye kahawa hawajakuzaa, watauliza leo kazi, ukipata kazi watauliza mke, ukioa watauliza mtoto, wewe wape salamu zao upite. Ila mama anapouliza umetoka wapi siyo kwamba anakukagua. Mimi mtoto wangu wa mwisho alipomaliza chuo akawa anashinda nje nilikuwa nauliza hivyo hivyo kila siku, na nilichokuwa nataka ni anikalishe chini aniambie habari zake, maana mtoto alikuwa chuo muda mrefu hatujazungumza zaidi ya hela ya matumizi. Kwa hiyo leo hii baada ya swala ya isha mkalishe mama yako umwambie mama nimechoka, nataka nipumzike mpaka mwezi fulani, nikitoka naenda kuogelea, nikitoka naenda Pangani, na mwezi fulani nitaanza kutafuta kazi kwa nguvu zote. Mtajie na mjomba wako pia kwa sababu yeye ndo kakushika mkono. Mkishakubaliana hapo wewe pita na taulo lako mchana kweupe, akitokea mtu wa kumletea maneno mama mwenyewe atamjibu, na unajua wamama wa Tanga tunavyojibu.

Na bibi yako usimfanye wa kumsalimia. Mwambie akufundishe kupika, wala usione haya kwamba wewe mwanaume, wapishi wa mashughuli hapa Tanga wengi ni wanaume. Anza na mkate wa kumimina maana ule unataka subira na yeye atapata muda mrefu wa kuongea. Usiku mnaloweka mchele, asubuhi mnausaga na tui zito la nazi, sukari, iliki na hamira, mnaufunika uumuke. Hapo kwenye kuumuka ndo utamu wenyewe maana hamna cha kufanya zaidi ya kukaa, na bibi lazima atakuhadithia. Halafu sufuria unaipaka mafuta inapata moto kwanza, unamimina, mkaa wa chini uwe wa wastani, ukiona juu kumetoboka vitundu vitundu na pembeni kumeanza kuachia ndo unafunika na kuweka mkaa wa moto juu ya mfuniko mpaka uive rangi. Ukiharakisha moto wa chini unaungua tako na ndani mbichi. Bibi anajua kwa harufu tu kwamba tayari, na hicho huwezi kukisoma popote, lazima ukae naye pale jikoni.

Asubuhi moja moja uamke alfajiri uende Deep Sea pale kwenye soko la samaki madau yanapoingia, umletee mama changu au tasi wa kitoweo. Mtoto anayerudi na samaki saa moja asubuhi nani atamuita mzururaji.

Mimi wanangu wako Mwanza na Arusha, nawaona Idi kwa Idi. Mama yako hajui bado kwamba siku hizi za kuwa na wewe ndani zinahesabika, akijua atakushikia hilo taulo mwenyewe.

Mhasibu Kange

Naheshimu sana michango ya juu hasa ya bi mkubwa, ila mimi nitakuwa tofauti kidogo na Mgosi. Apumzike ndiyo, lakini fani aliyosoma ina kalenda yake na kalenda hiyo haimsubiri mtu.

Mdogo wangu, wewe ni mhasibu. Digrii peke yake kwenye fani yetu inakufikisha mlangoni, cha kukuingiza ndani ni CPA, kile cheti cha juu cha uhasibu, na mitihani yake ya bodi ya wahasibu NBAA inafanyika Mei na Novemba. Kwa hiyo hesabu zako za mapumziko zianzie hapo, angalia mtihani gani unaweza kuufikia, hesabu kurudi nyuma miezi ya kujiandaa, siku zote zilizobaki kabla ya hapo ni zako, kula bata. Hujatoka kusoma muda mrefu, kichwa bado kina moto, ukikaa mwaka mzima kurudi kwenye vitabu ni kazi kweli, nawaona wengi ofisini wanapata tabu hiyo.

Kingine tenga siku mbili tatu za karatasi halafu usiziguse tena. Fungua akaunti kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, weka namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya form four na six, na cha chuo utaongeza kikitoka. Matangazo ya kazi za serikali mara nyingi yanakaa wiki mbili tu, mtu ambaye hajajaza taarifa zake mapema anaanza kukimbizana na skana na mwanasheria wa kugonga muhuri wakati dirisha linafungwa. Ukishamaliza hiyo shughuli hata kama uko Lushoto unakula matunda unaweza kuomba kazi kwa simu. Na Tanga ya sasa siyo ya zamani, bandari imeongezwa kina, kule Chongoleani ndo mwisho wa lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda, kampuni za kuhudumia meli na mizigo zinakuja na zote zinataka watu wa hesabu. Mwenye makaratasi tayari ndo anayeitwa.

Sisemi haya kukunyima raha. Nasema ukiwa pale Raskazone umeelea chali unatazama mawingu usiwe na kitu kinakuwasha kichwani kwamba kuna fomu sijajaza. Raha ya kujificha uliyoitaja mwenyewe nadhani nusu yake ni watu, nusu nyingine ni hiyo.

Mgosi wa Mombo

Mhasibu nakuelewa mkuu na hapo kwenye NIDA na vyeti nakuunga mkono mia kwa mia. Ila habari ya kumwanzishia CPA mtoto ambaye wino wa mtihani wa mwisho haujakauka mimi bado sikubaliani. Novemba zitakuja nyingine. Bibi yake je?

Mhasibu Kange

Hoja ya bibi sina jibu lake mkuu, hapo umenishinda.

Dada wa Muheza

Jamani uzi mzuri huu. Mimi nataka niguse pale alipogusia marafiki maana naona wote mmepapita.

Hii ya kumaliza kabla ya wenzako ina upweke wake na watu hawausemi. Mimi nilimaliza diploma wenzangu wa mtaani wako katikati ya digrii, nikawa kila nikiingia kwenye grupu letu wanaongelea mambo ya chuo tu, lekchara kafanya nini, testi imevuja haijavuja, mimi sina cha kuchangia. Usilazimishe kwenda nao mwendo mmoja. Wapigie usiku wakiwa wamechoka, usiongelee masomo yao wala mapumziko yako, ongeleeni mpira, Coastal au African Sports au chochote, na wakija likizo uwe umeshajua njia zote wewe ndo uwatembeze. Udaktari ni miaka mitano, huyo wa Muhimbili ukisema umsubiri utasubiri sana.

Ila mdogo wangu, watu wa kutoka nao unao na umewataja mwenyewe, wale watu wazima wa Huria! Walimu wanafunga shule, wauguzi wana siku za ofu, na wanakuheshimu kwa sababu mlihangaika pamoja. Kuna raha kubwa ya kutembea na mtu aliyekuzidi miaka ishirini, anaujua mkoa, anajua nani wa kumpigia ukifika kijijini, na hakuulizi maswali ya kazi kwa sababu anajua umetoka wapi. Waliobaki na masomo wasaidie, kaeni Jumamosi moja moja maktaba ya mkoa uwaelekeze hesabu zilizowasumbua, mkimaliza mnaenda kula muhogo na pweza. Hivyo hata upweke unapungua.

Na kuhusu hela, mjomba ana duka la spea za baiskeli halafu unauliza utaifaidi vipi Tanga?? Mji wetu uko tambarare, baiskeli ndo usafiri wa Tanga tangu enzi. Unda baiskeli yako imara, breki nzima, weka tyubu ya akiba na pampu, dunia ni yako. Ukitaka huku kwetu Muheza panda daladala, kuna msitu wa Magoroto juu una ziwa lake na baridi ambayo Tanga mjini hamuijui, mbele zaidi ni Amani, misitu ile ina ndege na vipepeo mpaka watafiti wanakuja kutoka nchi za nje. Njoo msimu wa machungwa urudi na gunia la kumpelekea mama.

Mtoto wa Ngamiani

Aisee sijui niseme nini, nimesoma zote taratibu. Bi mkubwa wa Chumbageni nimefanya kama ulivyosema, nimeongea na mama. Alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema yeye alidhani nimekosa raha kwa sababu matokeo ni mabaya namficha. Kumbe mama wa watu alikuwa anawaza hivyo muda wote. Tumekubaliana nipumzike mpaka mwezi wa mahafali, mjomba naye hana neno ila kasema nimfungie hesabu zake za mwaka kwanza, nikaona haki yake.

Mhasibu makaratasi nayashughulikia wiki hii, ya CPA nimeyasikia nitaangalia ya mwakani Mei. Dada wa Muheza hilo la baiskeli na wale wa Huria nilikuwa silioni kabisa wakati liko mbele ya macho, nimeshamtafuta mwalimu mmoja wa Mabawa kasema yuko tayari shule zikifunga.

Sasa naomba mwenye uzoefu anipe mpangilio, nianzie wapi? Na Maziwe mtu anafikaje?

Nahodha wa Ushongo

Karibu sana kijana. Mimi kazi yangu ni bahari, wageni nimewabeba wengi sana kuliko wenyeji, nikiona mtoto wa Tanga anauliza njia ya Maziwe nafurahi toka moyoni.

Anza na vya karibu upate mwili. Amboni ni kilomita kama 8 tu barabara ya Horohoro, kwa baiskeli unafika bila shida. Yale ni mapango ya mawe ya chokaa, nenda na tochi yako hata kama kiongozi ana ya kwake, kuna sehemu unainama mpaka unatambaa na juu popo wamejaa, kuna sehemu ya mzimu watu mpaka leo wanapeleka ubani na sadaka, ukifika hapo kaa kwa adabu. Mwambie kiongozi akuhadithie habari za Osale Otango, yule anayesemekana alijificha humo enzi za mkoloni. Ukitoka pitia maji moto ya Galanos, yana salfa harufu ya mayai viza lakini ukitumbukiza miguu baada ya baiskeli hutaki kuitoa.

Safari ya pili Tongoni, barabara ya Pangani kama kilomita 20. Toka alfajiri kabla ya jua. Pale kuna magofu ya msikiti na makaburi kama arobaini ya zamani sana, karne ya 14 na 15, yale ya nguzo, nguzo nyingi zimeshaanguka ila ukipita mkono kwenye mawe ya matumbawe walivyoyachonga unaona fundi alikuwa fundi. Vasco da Gama alipopita pwani hii 1498 watu wa pale walikuwa wana mji wao zamani. Kaa chini ya mti unywe madafu, usikimbilie kupiga picha na kuondoka.

Pangani ndo ukalale. Mji wa Pangani tembea kwa mguu, majumba ya kale yale, mto unavyoingia baharini, na pale ndipo Abushiri aliponyongwa na Wajerumani Desemba 1889. Vuka na kivuko kwenda Bweni halafu shuka mpaka Ushongo.

Sasa Maziwe. Kile ni kisiwa cha mchanga mtupu katikati ya bahari, wazee wetu walikikuta kina mivinje na kasa wanataga, bahari ikala miti yote. Maji yakijaa kinazama, maji yakitoka kinaibuka mchanga mweupe pepepe na miamba ya matumbawe pembeni. Kwa hiyo usipange kwa tarehe za kalenda ya ukutani, panga kwa mwezi. Bamvu ndo wakati wake, siku zile za mwezi mwandamo na zile za mwezi mpevu, maana huku kwetu bamvu maji yanakupwa kabisa kwenye saa nne hivi asubuhi. Unatoka Ushongo saa mbili, boti ya mashine haifiki saa moja, unakuta mchanga ndo kwanza unakauka hakuna unyayo wa mtu, unaogelea na samaki wa rangi zote, saa sita mnaanza kufungasha maana maji yakianza kurudi bamvu hayana mzaha. Ukija maji mafu, yale yasiyokupwa sana, utaona kipande kidogo halafu utasema tulikudanganya.

Hela ya boti ndo kubwa kuliko yote kwenye safari hii na bei ni ya boti nzima siyo ya kichwa, kwa hiyo njooni wengi, mkifika sita saba inagawanyika vizuri. Kuna na kiingilio cha hifadhi. Hao walimu na wauguzi wako ndo wa kuja nao.

Mtoto wa Ngamiani

Nahodha ubarikiwe sana. Nimeongea na mwalimu wa Mabawa, ana wenzake watatu wanataka, na mimi nataka nije na binamu yangu. Mama naye kauliza kama wamama wanaruhusiwa kwenye boti, sijui alikuwa anatania.

Bi Chumbageni

Hatanii huyo. Mchukue.

Nahodha wa Ushongo

Wamama tunabeba kila siku, maboya ya kuvaa yapo ya saizi zote, aje na kanga ya kujifunika upepo na kofia maana kule kivuli hakuna hata cha kidole. Shule zikifunga kuna bamvu la mwezi mpevu kama siku nne mbele yake, mnafika Pangani siku moja kabla mnalala, alfajiri mnavuka. Baiskeli safari hii ziacheni Tanga, kurudi mtakuwa mmechoka na jua, pandeni basi. Mje na viatu vya raba vya kuingia navyo majini kwa sababu matumbawe yanakata, maji ya kunywa ya kutosha, na ule mkate wa kumimina wa bi mkubwa wa Chumbageni kama umeshaeleweka huko jikoni kwa bibi yako basi mje nao mzima mzima, samaki tutawapa sisi.